Rekodi ya treni ya mvuke imeharibika? Anza na dalili, tafuta chanzo

Treni ya mvuke ikiwa kwenye safari maalum ya reli kuu, zile safari za wapenzi wa treni za zamani, haisubiri mtu anayetaka kurekodi sauti yake. Umeamka usiku wa manane, umesimama kwenye nyasi zenye umande masaa mawili, kichwa cha treni kinatokea, kinapita, sekunde arobaini mchezo umekwisha na hamna cha kumwambia dereva arudie. Afu unafika nyumbani unavaa hedifoni unaskia madudu.

Malalamiko ya watu ni yaleyale kila msimu, na mengi hapa chini nimeyafanya kwa mikono yangu mwenyewe, kwahiyo nimeyapanga kwa dalili. Kila dalili naanza na chanzo kinachotokea sana afu nashuka kwenda vile vya nadra. Naomba usiruke, maana watu wengi wakiskia rekodi mbovu wanakimbilia kununua maiki mpya, kumbe maiki haina kosa lolote, kosa ni pale waliposimama.

Kabla ya yote: hakikisha ni ubovu kweli

Kuna vitu vinne watu wanaleta kama ubovu na sio ubovu.

Honi inashuka sauti ghafla treni ikikupita. Hiyo ni fizikia tu. Treni ikienda kilomita 100 kwa saa, sauti ya honi ikija inasikika juu kidogo na ikiondoka inasikika chini, tofauti yake ni karibu hatua tatu za kinanda ukihesabu nyeusi na nyeupe. Usijaribu kuinyoosha kwenye kompyuta.

Mdundo wa injini, ule chu-chu-chu, unachechemea, yaani moja mbili TATU nne, moja mbili TATU nne. Hapo vali za injini hazigawi mvuke sawasawa kwenye silinda, na ndo sauti halisi ya ile mashine siku ile. Kuna watu wanatambua injini fulani kwa kuchechemea huko, kama we unavyomjua jirani yako kwa hatua zake kabla hajagonga mlango.

Mdundo unaenda kasi ghafla kama bunduki ya rashasha afu unarudi taratibu. Magurudumu yameteleza, dereva amefunga mvuke, kaanza upya. Hiyo ni dhahabu, usiifute!

Na cha nne, mdundo unajigawa mara mbili afu unaungana tena. Ukirekodi Big Boy 4014, injini kubwa ya mvuke ya kampuni ya reli ya Union Pacific kule Marekani, ile iliyorudi relini mwaka 2019, chini ya boila moja kuna seti mbili za magurudumu na kila seti ina silinda zake, hazijafungwa pamoja, kwahiyo zinapishana na kukutana zenyewe. Injini za aina ya Garratt, nazo zenye seti mbili, ni vilevile. Rekoda yako haina tatizo.

Kama sio hayo, endelea.

Dalili: sauti inapasuka kichwa kinapopita au honi inapopigwa

Hii ndo namba moja. Treni ikiwa mbali inaskika vizuri, ikifika inakua krrrr kama spika ya bei poa.

Chanzo cha kawaida ni geini, yaani kiasi rekoda inachokuza sauti inayoingia, uliyoiweka kwa sauti ya treni ikiwa mbali. Unaona mita inacheza chini unasema ah niongeze kidogo, unaongeza, treni inakaribia unasahau kupunguza, honi inalia na umeumia. Dawa ni kuweka levo mapema kwa ajili ya ile sekunde kubwa kuliko zote afu usiguse tena. Mi nafanya hivi: naongea sauti ya kawaida mita moja kutoka kwenye maiki, naangalia mita iguse desibeli -45 hivi, basi, natoa mkono. Inaonekana chini mno, na ukiwa mgeni utasikia woga, lakini rekoda za siku hizi kwenye biti 24 (kiwango cha ubora wa faili, unakichagua kwenye menyu) zina nafasi ya kutosha huko chini, utaipandisha nyumbani. Lengo ni kwamba kichwa kikipita mbele yako mita iguse kama -12 na honi ibaki na pa kupumulia.

Chanzo cha pili hakiji akilini haraka. Fungua faili kwenye programu ya kuhariri, vuta karibu uangalie mawimbi. Kama vichwa vya mawimbi vimekatwa bapa kule juu kabisa kwenye sifuri, geini ndo ilikua kubwa. Lakini kama vimekatwa bapa chini ya sifuri, tuseme kwenye -6, basi sauti ilishapasuka kabla haijageuzwa kuwa namba za kidijitali, yaani maiki yenyewe imezidiwa au sakiti ya kuingizia sauti imezidiwa. Hapo hata ukishusha namba kwenye skrini haisaidii kitu. Kama maiki au rekoda ina swichi ya kupunguza sauti inayoingia, iwashe, na kama haina rudi nyuma. Ukiwa sehemu ya wazi, kila ukizidisha umbali mara mbili sauti inashuka kama desibeli 6, kwahiyo kutoka mita tano mpaka mita ishirini umeshashusha 12 bila kununua chochote.

Na hapa niseme kuhusu hizi rekoda mpya za biti 32 za floti, zinazouzwa kwa maneno kwamba hazipasuki. Ni kweli faili halipasuki. Maiki inapasuka kama kawaida, maiki haijui faili lako lina biti ngapi. Nimeskia rekodi ya biti 32 imepasuka vizuri tu kwa sababu jamaa alikua amesimama mwisho wa jukwaa chini ya bomba la moshi na kimaiki cha kubana shatini.

Kama imeshapasuka, programu za kurekebisha zinaweza kuokoa honi moja fupi iliyogusa juu kidogo. Sekunde thelathini za kichwa kizima haziokoki, usipoteze wikiendi yako.

Onyo moja: kama unatumia maiki ndogo ya pini ya milimita 3.5 kwenye rekoda kubwa, angalia swichi ya umeme wa volti 48 imezimwa KABLA hujachomeka. Maiki hizo nyingi hazitaki volti 48, na adapta ya kienyeji inaweza kuupitisha umeme wote mpaka ndani ikafa hapohapo. Ikishakufa usiifungue, haina cha kutengeneza.

Dalili: sauti inapanda na kushuka kama inapumua, au honi ikilia kila kitu kingine kinazama

Levo ya otomatiki. Asilimia kubwa ni hiyo na wala sitafuti kingine kabla sijaiona imezimwa. Inavyofanya kazi, sauti ikiwa ndogo yenyewe inapandisha, sauti ikiwa kubwa inashusha, kwahiyo treni ikiwa mbali unaskia upepo na wadudu kwa nguvu, treni ikifika inabanwa, na ikishapita unaskia ukimya unavimba taratibu. Ile hali ya treni kukujia kutoka mbali, ambayo ndo utamu wote wa rekodi, inapotea, maana mbali na karibu zimekua sawa. Izime kwenye menyu. Kama kuna limita, ile inayobana sauti ikikaribia kupasuka, iache kama mlinzi wa mwisho tu, sio ya kukufanyia kazi.

Wanaorekodi kwa simu wana ugonjwa mwingine zaidi. Simu imetengenezwa kwa ajili ya sauti ya mtu, ina programu ndani inayotafuta makelele na kuyafuta, sasa jiulize mvuke unaotoka kwenye bomba la moshi ni nini machoni pake. Ni makelele matupu! Kwahiyo inakufutia treni na kukuachia yule mzee wa pembeni anayemwambia mjukuu wake simama hapa uone. Tafuta programu ya kurekodi inayokuruhusu kuzima usafishaji wa sauti, weka faili la WAV sio lile la kubana, na usirekodi kupitia maiki ya hedifoni za Bluetooth, hizo zinakata sauti mpaka inabaki ya kupigia simu.

Dalili: mngurumo mzito, bup bup bup, kama mtu anapiga turubai

Upepo. Hata kama we hukuuskia. Upepo ambao kwenye shavu ni mzuri tu, kwenye maiki ni dhoruba.

Ile sponji nyeusi inayokuja na maiki ni ya kuzuia pumzi ya mtu anayeongea ndani ya nyumba, nje haifai. Unahitaji koti la manyoya, na upepo ukiwa wa kweli unahitaji kapu linalozunguka maiki na manyoya juu yake. Huna? Shusha tripodi. Upepo chini karibu na nyasi ni mdogo kuliko kwenye usawa wa kichwa, na ukikaa nyuma ya ukuta wa mawe au kichaka kinene unaweza kuokoa siku, ila angalia kichaka chenyewe kisiwe kinapiga kelele.

Swichi ya kukata besi inasaidia, iweke kwenye hezi 80 hivi. Ukipanda mpaka 150 na kuendelea unaanza kula kifua cha treni yenyewe, ule mshindo unaousikia tumboni, inabaki treni nyembamba kama ya kuchezea. Na ujue upepo mkali unaweza kuizidi maiki kabla hata sauti haijafika kwenye hiyo swichi, kwahiyo swichi sio mbadala wa manyoya.

Kama una manyoya na bado kuna mgurumo, angalia mikono. Umeishika rekoda mkononi? Umeweka tripodi juu ya daraja la chuma linalotikisika? Waya wa maiki unapiga mguu wa tripodi? Zipu ya koti? Kamba ya shingoni? Mi niliwahi kukaa mwinukoni asubuhi nzima, hali ya hewa safi, treni ikapita inafanya kazi ya nguvu kweli, nyumbani nikaskia tik, tiktik, tik, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Siku tatu nahangaika na kebo. Nikarudi palepale kuangalia, kumbe kulikua na kipande cha nailoni kimenasa kwenye waya wa fensi mita mbili kutoka nilipoweka maiki, kinapepea. Macho yalikiona siku ile, masikio hayakujali. Ndo maana nasema vaa hedifoni dakika kumi nzima kabla ya treni na uskilize eneo lako, maana maiki haichagui kama unavyochagua we.

Dalili: nilikua ndani ya behewa na ninaskia kila kitu isipokua injini

Hii inauma kwasababu umelipia tiketi.

Cha kwanza ni behewa. Treni ya safari maalum inaweza kuwa na mabehewa kumi na zaidi, na kila behewa ni kama mita ishirini, kwahiyo ukikaa katikati injini iko mita mia na ushee mbele, imefunikwa na magurudumu ya chini yako. Kama una uchaguzi unapokata tiketi, omba behewa la kwanza nyuma ya kichwa. Ila uliza kama treni itageuka njiani, nyingi zinabadilisha kichwa au mwelekeo na behewa la kwanza la asubuhi linakua la mwisho jioni.

Cha pili ni meza. Watu wanaweka rekoda mezani, na meza imefungwa kwenye ukuta wa behewa, ukuta uko juu ya magurudumu, kwahiyo unarekodi fenicha. Vikombe vinagongana, kijiko kinazunguka kwenye sosa, mtu akiweka kiwiko unaskia DUM. Iweke rekoda juu ya kitu laini, sweta lililokunjwa mara nne linafaa kuliko vifaa vingi vya dukani, au ining'inize kwenye mpira mwembamba kutoka kwenye rafu ya mizigo iwe inabembea bila kugusa kitu.

Cha tatu dirisha. Madirisha yakifungwa sauti kali zote zinabaki nje, unapata mngurumo tu. Yale mabehewa ya zamani yana vidirisha vidogo vya kuslaidi kwa juu, fungua hicho, weka maiki NDANI karibu na uwazi, na manyoya yake. Utashangaa, hasa treni ikipita kati ya kuta za mawe au kwenye handaki, ukuta unarudisha sauti ya kichwa moja kwa moja dirishani.

ACHA HAPA. Usitoe maiki nje ya dirisha, usitoe mkono, usitoe kichwa. Watu wamekufa kwa hilo, sio hadithi. Matawi, nguzo, kuta za madaraja na treni nyingine viko karibu kuliko jicho linavyokwambia. Kama wahudumu wamefunga mlango au dirisha, halifunguliwi, basi. Na kama unatamani sauti ya kwenye kichwa chenyewe, na mtia makaa akipiga koleo, hiyo ni kazi ya kupanga na waendeshaji wa treni kwa ruhusa, sio ya kuruka ruka kituoni.

Dalili: hamna mdundo, naskia shhhhh tu

Hapa ndo pale niliposema tatizo ni uliposimama. Watu wanadhani treni ya mvuke inapiga chu-chu-chu muda wote. Haipigi. Inapiga pale dereva amefungua mvuke na injini inavuta mzigo kwa nguvu. Ikishuka mlima au ikikaribia kituo amefunga, inateleza tu, unaskia magurudumu na vyuma vikigongagongana.

Kwahiyo chanzo cha kwanza: ulisimama kwenye mteremko au tambarare. Tafuta ramani ya reli inayoonyesha miinuko. Kule Uingereza kila anayerekodi anajua Shap, reli inapanda kwa uwiano wa 1 kwa 75 kwa zaidi ya kilomita sita kabla haijafika kileleni, na Ais Gill kwenye njia ya Settle kwenda Carlisle, kilele kiko kama mita 356 juu ya usawa wa bahari. Sehemu kama hizo treni unaiskia dakika nyingi kabla hujaiona. Simama karibu na mwisho wa kupanda, sio mwanzo, maana mwanzoni bado ina kasi iliyokuja nayo. Na sehemu nyingine tamu ni kutoka tu kituoni, inapoanza kuvuta kutoka sifuri, mdundo mmoja mmoja unaweza kuuhesabu kwa vidole.

Chanzo cha pili ni kasi. Chukua injini ya silinda mbili, inatoa midundo minne kila gurudumu la kusukuma likizunguka mara moja. Ya silinda tatu, kama Flying Scotsman ya mwaka 1923 au Tornado iliyokamilika 2008, inatoa sita. Magurudumu yao ya kusukuma yana kipenyo cha mita 2.03. Piga hesabu: kwenye kilomita 30 kwa saa injini ya silinda tatu inakupa midundo kama 8 kwa sekunde, sikio linaifuata vizuri. Kwenye 100 inakua 26 kwa sekunde, hapo sio midundo tena, ni mngurumo mmoja. Hamna maiki ya kukutenganishia hiyo. Tafuta sehemu inapoenda polepole.

Chanzo cha tatu, dizeli. Safari nyingi za siku hizi zinabeba kichwa cha dizeli nyuma, kwa ajili ya kusaidia kama kitu kimeharibika au kutoa umeme wa mabehewa, na saa ingine kinasukuma kwelikweli mlimani ili ratiba isichelewe. Ukiskia injini inapumua kilegevu sehemu ambayo inatakiwa itoe jasho, na nyuma kabisa kuna mngurumo wa mashine nyingine, ndo hilo. Huwezi kulitoa kwenye rekodi. Angalia tangazo la safari kabla hujatoka, na treni za siku za moto mkali wa kiangazi zikiogopewa kuwasha nyasi zinabadilishiwa kichwa kabisa, unakaa unasubiri mvuke inakuja dizeli.

Cha nne, umekaa karibu mno. Hii inawashangaza watu. Ukisimama mita tatu kutoka relini unapata sekunde chache za ekzosti, yaani ule mdundo wa bomba la moshi, afu sekunde ishirini za mabehewa yakigonga maungio ya reli. Ukirudi mita 40 au 50, sehemu iliyoinuka kidogo, bomba la moshi linakua ndo kitu kikubwa na mabehewa yanabaki chini. Peter Handford, Mwingereza aliyekua anarekodi treni za mvuke tangu miaka ya 1950 na kuzitoa kwenye lebo yake ya Transacord, afu baadae akapata Oscar ya sauti kwa filamu iliyopigwa Kenya, alikua anawaachia ndege na usiku na kituo vikae ndani ya rekodi zake pamoja na treni. Mi nadhani ndo maana hazijazeeka.

ACHA HAPA pia. Kutafuta sehemu nzuri hakukupi ruhusa ya kuvuka fensi. Flying Scotsman iliporudi Februari 2016, safari ya kutoka London kwenda York ilisimamishwa njiani kwa sababu ya watu walioingia relini kuipiga picha. Na Shap hiyo niliyoisifia ina nyaya za umeme wa volti 25,000 juu yake, kwahiyo usiinue fimbo ya maiki, tripodi ndefu wala mwavuli karibu na nyaya hizo, umeme huo hausubiri uguse, unaruka. Kifaa chako kikidondokea upande wa reli hukifuati, unapiga simu ya wahusika wa reli, namba zao zinabandikwa kwenye madaraja na vivuko. Rekoda inanunulika.

Dalili: di-di-dit di-di-dit, au mlio wa mmmmm

Di-di-dit ni simu yako iko karibu na kebo. Weka mbali au weka hali ya ndege. Mmmmm ya kudumu kwanza angalia kama unatumia chaja au pawabenki, chomoa utumie betri za ndani. Bado ipo? Badilisha kebo. Bado? Labda uko chini ya laini kubwa ya umeme, hama. Usifungue rekoda, mpelekee fundi.

Dalili: kwenye hedifoni tamu, kwenye spika ya simu treni imepotea

Maiki mbili za stirio ulizoziachanisha zinapokea sauti ileile kwa nyakati tofauti kidogo, na zikijumlishwa kuwa moja kwenye spika ndogo zinafutana. Kabla ya kulaumu umbali angalia kebo moja isiwe imeunganishwa kinyume. Hiyo unaigeuza kwenye programu kwa kubonyeza mara moja, jaribu kwanza. Kama sio hiyo, safari ijayo ziweke maiki pamoja, vichwa karibu vigusane, zikitazama pembe tofauti.

Dalili: kwenye video mvuke wa honi unatoka kwanza, sauti inakuja baadae

Sauti inatembea kama mita 343 kwa sekunde, treni ikiwa nusu kilomita utaona mvuke mweupe wa honi sekunde moja na nusu kabla ya kuiskia. Iache, ndo ilivyokua. Ila kama inapishana hata treni ikiwa mbele ya pua yako, na inazidi kadri video inavyoendelea, saa za kamera na rekoda haziendi sawa. Piga makofi mwanzoni na mwishoni, utazipanga kwa makofi hayo.

Dalili: faili halipo, au lipo halifunguki

Halipo kabisa: ulibonyeza rekodi mara moja. Kuna rekoda ambazo mara ya kwanza ni kujiandaa, taa inamweka, mita zinacheza, unaskia kwenye hedifoni, kila kitu kinaonekana sawa. Mara ya pili ndo inaanza. Angalia namba za muda zinatembea. Zisipotembea hurekodi, hata kama taa ni nyekundu kama pilipili. Nimefanya hivi mara moja na nusu, hiyo nusu nilishtuka treni ikiwa katikati.

Lipo halifunguki: betri ilikufa kabla faili halijafungwa. Baridi inamaliza betri haraka, hasa zile za kawaida za alkalaini, zile za lithiamu zinavumilia baridi zaidi. Weka mpya kabla ya treni, za zamani tumia nyumbani. Cha kufanya sasa hivi: usirekodi kitu kingine chochote kwenye ile kadi, usikubali rekoda ikikuuliza iifomati. Baadhi ya rekoda zikiwashwa na betri nzuri zinajaribu kulifunga faili zenyewe, jaribu hiyo mara moja tu. Ikishindikana, toa kadi, kwenye kompyuta tengeneza nakala ya kadi nzima na ufanyie kazi nakala. Kompyuta isipoiona kadi kabisa, au kadi ina joto, simama, hiyo ni ya mtaalamu wa kuokoa data, na kila unapoichomeka tena unampunguzia nafasi.

Dalili: rekodi inaisha vibaya, kama imekatwa na mkasi

Chanzo kimoja tu, kidole chako. Behewa la mwisho limepita, una furaha, unazima, au unasema "aisee!" na sauti yako ndo inafunga rekodi. Weka mikono mfukoni, hesabu dakika tatu. Kwanza reli zinaendelea kulia zenyewe, kimlio chembamba kama waya unaovutwa. Afu ndege wanarudi mmoja mmoja. Afu mdundo unatoka nyuma ya mlima, umekuja unaenda kwa upepo, unadhani umeisha, hapana, na ukiwa na bahati dereva anapiga honi kwenye kivuko cha mbele huko, kilomita mbili, na bonde zima linaijibu.